Maji Matano ya Mrututu

Kwa miaka kumi na tisa Mama Chupa aliosha vyombo vya maabara ya shule, na hakuna aliyemuuliza habari ya cheti. Vidole vyake vilikuwa na madoa ya njano ambayo sabuni iliyasalimia ikapita. Chupa zote alizijua kwa sura: ile ambayo kifuniko chake kililiwa na asidi, na ile inayokutoa machozi hata ikiwa imefungwa.

Kisha ikaja bodi mpya, watu wa tai na bahasha, ikaamua kwamba asiyepata alama arobaini za kemia hatashika ufunguo wa maabara. Mama Chupa akaambiwa afanye mtihani wa muhula pamoja na darasa la mwisho, alimokuwamo binti yake kitindamimba. Akipata thelathini na tisa, aende zake nyumbani.

Binti ndiye aliyemfundisha fomula, jikoni, kwa punje za maharage. Kalsiamu ana mikono miwili, klorini mmoja. Kwa hiyo kalsiamu mmoja hushika klorini wawili.

"Mama, namba ndogo inakaa chini, siyo juu!"

"Chini, juu, ilimradi ipo."

"Hakuna cha ilimradi hapa!" Alimgombeza mama yake bila huruma, wiki sita nzima.

Mama Chupa akapata thelathini na tisa.

Mwalimu wa kemia, kijana mwenye koti jeupe lisilojua doa, alimpa karatasi huku akitazama dari. Swali la nne lilitaka fomula ya fuwele za buluu za mrututu, ile salfeti ya shaba. Mama Chupa aliandika CuSO₄·5H₂O, kama ilivyo kwenye chupa. Mwongozo wa kusahihishia ulisema CuSO₄, basi, bila yale maji matano.

"Mwalimu, maji yangu umeyamwaga wapi?"

"Mama, mwongozo unasema..."

"Huo mwongozo umewahi kuosha chupa hii?"

Akaenda kumtoa mkuu wa shule ofisini na chai yake mkononi. Mbele yao akatia fuwele kwenye testi tyubu, akaiinamisha, akaiwashia moto. Buluu ikatoweka, ukabaki unga mweupe, na mdomoni mwa tyubu yakaning'inia matone ya maji. Ilipopoa akadondoshea maji kidogo. Buluu ikarudi.

"Hiyo nyeupe ndiyo ya mwongozo. Swali limeuliza buluu."

"Mama yuko sahihi," mwalimu akasema, kama mtu anayeng'olewa jino.

Mama Chupa akapata arobaini yake, akafurahi. Mkuu naye, mpenda haki hasa isipomgharimu kitu, akaamuru karatasi zote zisahihishwe upya. Wanafunzi thelathini na mmoja walioandika bila maji wakanyang'anywa alama moja moja.

Jioni binti yake aliweka karatasi yake mwenyewe mezani. Arobaini ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu. Pembeni iliandikwa thelathini na tisa.

"Mama, fomula alikufundisha nani?"

"Wewe, mwanangu."

"Na haya maji, mbona wewe hukuniambia?"

Mama Chupa aliona aibu. Miaka ya nyuma aliwaandalia watoto wa watu mrututu wauchome wauone, na wake hakuwahi kumwita hata siku moja. Akatoa ufunguo wa maabara mfukoni, akauweka juu ya ile karatasi.

"Kesho saa kumi, ukitoka darasani," akasema. "Uje na kiberiti."