Droni Iliyozimika Kabla ya Amina

Jumamosi nilikuwa Ngoliba, kwenye shamba la ndengu la cucu mmoja, bibi mzee jirani yetu, nikaona droni ikishindwa kupaa kwa sababu ya maombi.

Msichana aliyeiandikia programu ya kujiendesha alikuwa ametoka Juja. Siku hiyo ingeruka nje kwa mara ya kwanza, ikague ndengu bila kuongozwa na mtu. Akaiwasha, mapanga yakaanza kuzunguka. Cucu akainua mkono.

"Hapa hatuanzi kitu bila maombi."

Akaombea mvua, akaombea wajukuu, akafika mpaka kwa mama wa huyo msichana. Kabla ya amina, mapanga yakasimama.

"Imeharibika?" cucu akauliza.

"Hapana, cucu. Nimeiandikia ikikaa chini muda mrefu bila kupaa ijizime, isije ikamkata mtu. Naweza kuiongezea muda. Maombi yako huchukua dakika ngapi?"

Cucu akafikiri. "Inategemea Mungu amenitendea nini."

Msichana akacheka, akafunga laptopu yake. Tukamaliza maombi kwanza, ndipo akaiwasha droni tena. Ikapaa, ikapita juu ya shamba lote, ikageuka yenyewe ilipofika kwenye seng'enge, ikarudi kutua mbele yetu.

Cucu akafumba macho. "Sasa tushukuru."

Mapanga yalikuwa bado yanazunguka. Katikati ya shukrani yakanyamaza yenyewe, nami nikaitikia amina kwa moyo wote. Kanisani kwetu kuna simu nyingi ambazo hazijafunzwa adabu hiyo.