Gari Lililokataa Kuzima

Mwaka 2022, masika yakiwa ndiyo kwanza yanaanza, nilikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Mume wangu alifariki Jumamosi, tarehe 12 Machi, nasi tukamzika Alhamisi, tarehe 17, katika kihamba chetu, shamba la ukoo huko Uru mlimani, kando ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Gari lililoleta jeneza lilishindwa kugeuka uani kwa sababu gari letu lilikuwa limeziba njia. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akachukua ufunguo kwangu, akalisogeza, akazima, akauchomoa ufunguo na kushuka.

Gari likaendelea kuunguruma. Lilitetemeka, likakohoa, likagonga kama debe linalopigwa kwa jiwe, na ufunguo unaning'inia kidoleni mwa shemeji mbele ya waombolezaji wote. Nilihesabu hadi kumi na nne ndipo liliponyamaza. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema taratibu, "Mwenyewe hajaondoka."

Neno hilo lilipanda mlima na kushuka kabla ya udongo wa kaburi kukauka.

Gari lenyewe ni dogo, la mwaka 1968, lenye kabureta mbili za kuchanganya petroli na hewa, tulilolinunua kwa kahawa yake na maziwa yangu. Kihamba sikukidai. Kwa mila zetu kihamba ni cha ukoo, nami niliolewa nikilijua hilo. Gari, hata hivyo, ndilo lililokuwa kitu pekee ambacho mimi na mume wangu tulikishika kwa mikono iliyo sawa. Alinifundisha kuliendesha mwaka 2007, mwaka mmoja baada ya mimi kufaulu mtihani wa kidato cha nne nikiwa na miaka arobaini na mitano. Watu waliocheka cheti changu walinyamaza waliponiona kwenye usukani.

Jumamosi, tarehe 23 Aprili, ukoo ulikaa kikao. Mahakama haifungui mirathi bila muhtasari wa kikao cha ukoo, kwa hiyo kila neno ambalo lingeandikwa siku ile lingekuwa na uzito. Shemeji alisimama, akaomba gari liandikwe kwake.

"Wote mliona," alisema. "Marehemu hajaliachia. Gari la mwanamume haliwezi kumtii mjane. Mimi ni damu yake, nitalipelekea jani la isale la kuombea amani na pombe ya mbege, litatulia."

"Wewe ndiye uliyelizima siku ile," nilimjibu. "Ni wewe ambaye halikukutii."

Wachache walicheka. Yeye hakucheka. "Shemeji, cheti cha kidato cha nne hakifungui boneti."

Nilimwomba katibu aandike sababu hiyo kama ilivyosemwa, kwamba gari linaondolewa kwangu kwa kuwa halizimi. Katibu akashusha kalamu, akamtazama mwenyekiti, baba mkubwa wa mume wangu, mzee wa kanisa.

"Tukutane tena tarehe 28 Mei," alisema mzee. "Mama atalizima hapa mbele yetu. Likizima, lake. Lisipozima, tutaandika alivyosema mwenzetu."

Jumatatu, tarehe 9 Mei, niliteremka nalo hadi Shirimatunda, kwa fundi wa mjini aliyekuwa akilihudumia miaka yote. Mimi sikuwahi kufika kwake. Mambo ya gereji alikuwa nayo mume wangu. Fundi alilitambua gari kabla ya kunitambua mimi. Akavua kofia yake ya kufuma.

"Shikamoo mama. Pole sana na msiba."

"Marahaba. Nimeshapoa," nilisema, ingawa haikuwa kweli.

Nilizima mbele yake. Gari likakohoa na kugonga kama kawaida yake. Fundi aliinamisha kichwa, akasikiliza mpaka mwisho kama anayesikiliza mgonjwa.

"Wanasema ni mume wangu," nikamwambia.

"Ni masizi, mama. Ukigeuza ufunguo, cheche za plagi zinakatika. Lakini ndani mna masizi yamekuwa mekundu kama kaa, na injini bado inavuta petroli. Petroli ikigusa kaa, inawaka bila kuomba ruhusa ya ufunguo." Akafungua boneti, akaweka kidole kwenye skrubu ndogo ya kabureta. "Na sailensa iko juu mno. Yaani kasi ya injini gari likiwa limesimama. Ukiwa juu hivi, halilali."

"Nani ameipandisha?"

Fundi alifuta kidole kwa kitambaa, kisha akafuta tena kidole kilekile.

"Mimi, mama. Alikuja Novemba 2019. Mguu wa kulia ulikuwa unavimba, haumtii tena kwenye pedali ya mafuta. Gari lilikuwa linamzimikia mlimani. Akaniambia nipandishe sailensa. Nikamwambia, mzee, litakataa kuzima. Akasema atalizima kwa gia, huku amekanyaga breki." Akatazama chini. "Akasema, mama asijue. Atanifungia ndani."

Nilikumbuka. Tangu mwishoni mwa mwaka ule hakuniachia tena usukani, na kila tulipofika nyumbani, aliliacha gari katika gia kubwa, akakanyaga breki na kuachia klachi. Gari lilitupwa mbele, likafa. Kila mara nilijishika kwenye dashibodi na kumwambia, "Baba, umezeeka, hujui tena kusimamisha gari." Naye alicheka. Miaka miwili na miezi minne nilimwambia hivyo. Soksi zake zilizoacha alama nzito miguuni nilizifua kwa mikono yangu, nikalaumu mpira wa soksi.

Fundi alifanya kazi kwa siku kumi. Aliinua silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, akakwangua masizi, akaweka plagi za namba iliyoandikwa katika kitabu cha gari, namba niliyomsomea mimi mwenyewe. Mwisho akanipa kipande cha bomba la mpira, akaniambia nitie ncha moja sikioni na nyingine kwenye kabureta ya kwanza, halafu ya pili, mpaka zivume kwa sauti moja. Kisha akanipa bisibisi.

"Shusha sailensa mwenyewe, mama."

Nilishusha. Injini ilipungua kasi kila nilipozungusha skrubu robo, na kwa kila robo nilikuwa nikiondoa kitu alichokiweka mume wangu ili nisihangaike.

Tarehe 28 Mei niliingia uani mbele ya ukoo, nikageuza ufunguo. Kimya.

"Rudia," alisema shemeji.

Nilirudia. Kisha nikampa ufunguo, akarudia mwenyewe. Kimya kikawa kilekile. Alitembea hadi kwenye masale ya mpakani, akakata jani, akalifunga fundo na kunikabidhi kwa mikono miwili. Kwetu, isale halikataliwi. Nililipokea, nikasamehe.

Katibu akasoma alichoandika: "Marehemu ameridhia gari liwe la mjane."

Mimi ni mtu wa tarehe na wa maneno yaliyonyooka. Sentensi ile haikuwa kweli. Lakini ili kuisahihisha ingenibidi niwaeleze habari ya mguu wa mume wangu, na siri aliyoizika hata kwangu ningeifukua mbele ya mdogo wake. Nikatia sahihi.

Jumatano, tarehe 14 Septemba 2022, Mahakama ya Mwanzo ilinithibitisha kuwa msimamizi wa mirathi, na gari likatamkwa kuwa langu. Hakimu alisoma muhtasari wote, akafika kwenye sentensi ile, akanitazama juu ya miwani yake.

"Mama, yaliyoandikwa hapa ni kweli?"

"Ni kweli, mheshimiwa," nikasema, naye akagonga muhuri.