Uzito wa Warsame

Walionicheka ni wengi, nawe cheka ukitaka. Lakini mizani ile niliisoma kwa macho yangu, mchana kweupe, kiwanjani Garissa, wakati wa vita vya shifta.

Kazi yangu ilikuwa kukagua ndege. Mzungu mmoja alikuwa ameagiza ndege isiyo na injini, ile inayoelea kwa upepo tu, ikaletwa kwa lori kutoka Kismayu ndani ya sanduku refu. Wanajeshi wakaizuia: haitoki mpaka iandikishwe na ipate cheti cha kufaa kuruka. Nikatumwa mimi. Kapteni wa pale hakuficha neno.

"Jua likizama haina cheti, naichoma moto."

Mbawa nzima, nyaya nzima. Nikaipandisha kwenye mizani. Imezidi uzito wa kiwandani kwa uzito wa mtu mzima! Nikapima tena, nikatoa hata mito ya viti. Wapi! Nikaingiza mkono kiti cha nyuma, hewa yake baridi kama ndani ya mtungi. Jua lile la Garissa, baridi ya wapi?

Ndipo askari akamleta mama mmoja wa Kisomali, mtandio umejaa vumbi.

"Mimi natoka Bura," akaniambia. "Kijana yangu alijificha ndani ya sanduku hii, anakimbia fita. Wamekuta yeye amekufa na kiu. Wamezika, mimi sijaona."

Kapteni akatazama chini. Kumbe alijua, asiniambie!

Mama akaishika ndege ubavuni. "Warsame, kaalay. Njoo, twende nyumbani."

Wallahi, kwenye kiti kile kitupu ikatoka sauti ya kijana, kavu: "Hooyo." Mama. Kisha kitu kikanipita, kikaniegemea bega kama mtu anayeshuka kwa taabu. Mshale wa mizani ukarudi polepole, ukatulia panapostahili.

Mama akaondoka akinong'ona, mkono mmoja ameutenga kando kama aliyemshika mtu. Kapteni akavua kofia.

Cheti nilikitoa. Ningekikataa kwa sababu gani? Ndege ikapewa namba zake, ikaruka miaka mingi bila kasoro. Ila bega hili halijapata joto tena. Mke wangu hulifunika blanketi hata wakati wa kiangazi, na siku hizi haniulizi kitu.

Nawe unayenisikia, ukikuta maiti ya mgeni njiani, mzike, lakini usinyamaze. Muulizie mama yake mpaka umpate.