Mama Mwakani

Jina la Mama Mwakani hakulipenda hata chembe, na waliolitunga walilijua hilo, ndiyo maana halikumtoka. Mbele yake walimwita "kiongozi". Akishageuka tu na kushuka ngazi za ofisi yake ndogo, iliyokuwa juu ya duka la magodoro, walinong'onezana, "Huyo anapita Mama Mwakani," wakacheka. Ila hakikuwa kicheko cha furaha.

Kazi yake ilikuwa kuwapeleka watu hija. Kila mwaka alikusanya kikundi cha waumini, wengi wao wazee, akawapeleka kuona Nazareti, Galilaya, Bethlehemu na Yerusalemu, na masinagogi ya kale ambayo yamebaki nguzo na sakafu. Na kazi hiyo aliifanya kama mtu anayepikia wakwe, hakuna alichoacha kijiendee chenyewe. Ukuta wa Maombolezo aliupanga katikati ya wiki, maana Ijumaa jua likizama Sabato imeingia, kupiga picha pale ni marufuku, na lifti ya hoteli huanza kusimama yenyewe kila ghorofa, kwa kuwa siku hiyo Wayahudi hawabonyezi kitufe, mzee aliye ndani akadhani imerogwa. Kofia za wanaume za kuvaa pale ukutani zilishonwa mapema. Dawa hazikuruhusiwa kukaa kwenye begi kubwa. Aliwajua wakoromaji wote, na hakumlaza mkoromaji na mtu mwenye usingizi mwepesi, kwa kuwa ni aibu watu kwenda hadi mlima wa heri wapatanishi, halafu wakarudi hawasalimiani.

Safari yake ya kwanza aliiongoza bila woga. Katika zile ngazi za mawe za mji wa kale, mzee mmoja, katekista mstaafu, aliketi akasema anapumzika kidogo, wenzake watangulie. Hakuinuka tena. Mama wa watu akabaki na maiti katika nchi ambayo hata salamu zake hakuzijua vizuri, akizungushwa ofisi hadi ofisi, huku wenzake wakiendelea na ziara na kuimba nyimbo kwenye basi. Waliporudi, mjane wa katekista alikuwa uwanja wa ndege. Hakulia. Alimtazama kiongozi, akamwambia, "Ulimchukua anatembea."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku ile kiongozi akaweka jaribio, na hakuna aliyesafiri bila kulipita. Miezi michache kabla ya safari aliwaita watu wake wote kwenye uwanja wa mpira wa shule, kila mmoja na begi lake mgongoni. Waliuzunguka uwanja, wakauzunguka tena, kisha wakapanda ngazi za jengo la ghorofa la shule hadi juu, wakashuka. Atakayeketi kabla ya kumaliza, haendi. Mzee mmoja wa kanisa alimuuliza kama Mlima wa Mizeituni hauna lifti. "Wangekuwa nayo, baba," akamjibu, "Bwana wetu asingepanda punda."

Tatizo lilikuwa namna ya kumwambia mtu mzima, aliyeomba safari hiyo kwa machozi, kwamba haendi. Hapo ndipo lilipoingia lile neno. Mwongoza wageni wa huko, Myahudi mmoja mpole, alikuwa amewasimulia ndani ya magofu ya sinagogi kwamba watu wake, walipokuwa wametawanyika dunia nzima, kila mwaka walimaliza karamu ya Pasaka kwa kuambiana, "Mwakani, Yerusalemu." Baba akasema, mwana akasema, mjukuu akasema, wakafa wote hawajafika, na neno likaendelea kusemwa. Kiongozi alilipenda sana neno hilo. Akalibeba hadi kwao kama zawadi. Akawa akiona mtu ameketi uwanjani, anamwinamia, anamshika bega, anasema kwa sauti ya upole, "Mwakani, baba. Mwakani, Yerusalemu." Wapo waliofarijika. Wengine waliona heri wangefungiwa mlango kwa kishindo.

Fundi cherehani hakuwa na kinyongo. Mguu wake mmoja ulikuwa mbovu tangu ujana, na fimbo yake ilijulikana mtaa mzima kwa mlio. Ndiye aliyeshona zile kofia, ndiye aliyeshona na vizibao vya buluu vya kikundi, ili mtu akipotea kwenye umati aonekane. Kila mwaka alishona kizibao kimoja cha ziada, akakivaa, akaja kwenye jaribio. Na kila mwaka aliketi mahali palepale, kwenye mlingoti wa goli la mbali, akangoja. Kiongozi akija na kusema, "Mwakani, fundi," yeye huvua kofia na kujibu, "Amina, Yerusalemu!" Halafu huchechemea kwenda nyumbani akipiga mluzi. Watu walimwona kama kichekesho cha uwanja.

Sasa kiongozi alikuwa na mama. Waliishi wawili, nyumba ya vyumba viwili na jiko, na huyo bibi ndiye aliyekuwa akifunga vifurushi vya dawa za mahujaji na kuwaombea mmoja mmoja. Miaka yote alipoulizwa yeye ataenda lini, alisema, "Wapeleke wa watu kwanza. Mimi nipo tu, naenda wapi?" Lakini mwaka ule alibadilika. Alikuwa akivimba miguu, akilala ameegemea mito, na asubuhi moja, akinywa chai, akasema anataka kwenda.

"Niingize miguu tu mle Yordani," alisema. "Miguu hii imenibeba bure maisha yote, nayo ipate kitu."

Kiongozi alimpeleka hospitali. Daktari alimtoa nje kwenye ukumbi, akamweleza kwamba moyo wa bibi umechoka sana, na kwamba mwakani asimtarajie. Kuhusu safari, alisema anaweza kufia kwenye ndege na anaweza kufia jikoni, uamuzi ni wa familia. Familia yenyewe ilikuwa mtu mmoja aliyesimama pale ukumbini na kikapu cha matunda mkononi.

"Amesemaje?" bibi aliuliza njiani.

"Uendelee na dawa, mama."

"Na moyo?"

"Umechoka kidogo."

Bibi aliitikia kwa kichwa. Mtu mzima haambiwi na watoto habari za mwili wake.

Siku ya jaribio kiongozi hakumwalika. Bibi alikuja mwenyewe, na raba mpya miguuni zilizofungwa kamba hovyohovyo kwa sababu ya uvimbe. Fundi alipomwona akafurahi. "Bibi, tukimbizane?" akamwambia, na bibi akacheka hadi akakohoa. Walianza pamoja, fimbo na raba, nyuma kabisa ya watu wote. Fundi akafika kwenye mlingoti wake, akaketi, akaambiwa neno lake, akaitikia amina yake. Bibi akampita. Akauzunguka uwanja wote, na mzunguko wa pili, mdomo ukiwa wazi, na watu wakaanza kumpigia makofi. Binti yake hakupiga. Alikuwa akiomba kimoyomoyo mama yake aketi palepale kwenye nyasi, na alijua kwamba hayo ni maombi mabaya.

Bibi hakuketi kwenye nyasi. Aliketi kwenye ngazi. Alipanda chache, akashika ukuta, akajishusha taratibu, akasema, "Napumzika kidogo. Tangulieni."

Kiongozi alimkumbuka katekista. Ni maneno yaleyale, na mkao uleule. Watu walimzunguka. Mzee wa kanisa akasema, "Huyu tutambeba, kiongozi, mbona sisi tupo." Mwanamama mmoja wa kwaya akasema hata yeye mwenyewe atamsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Na wote walimwangalia yeye. Kule mbali, kwenye mlingoti, fundi, ambaye siku hiyo alikuwa hajaondoka, naye alikuwa ameinua uso anaangalia. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na wangapi aliwakata pale wakiwa na nguvu kuliko huyu? Lakini tusimsingizie haki peke yake. Alikuwa anaogopa. Aliogopa kukaa tena na maiti kwenye ngazi zile, na safari hii mjane wa kumsuta angekuwa yeye mwenyewe.

Akainama, akamshika mama yake bega. "Mwakani, mama," akasema. "Mwakani, Yerusalemu."

Bibi alimtazama kwa muda. Kisha akashika ukuta, akainuka mwenyewe.

Jioni, nyumbani, binti alipiga magoti kumvua raba. Soksi zilikuwa zimechora alama kwenye nyama.

"Mwanangu," bibi akasema, "lile neno wape wa watu. Mimi ni mama yako. Niambie hapana."

"Mama, ukipata nguvu..."

"Niambie hapana, nijue nimekatazwa. Nikishajua, nitalia yangu, nitanyamaza. Sasa hiyo mwakani yako naipeleka wapi?"

"Nitakuletea maji ya Yordani, mama. Chupa nzima."

"Sikuomba maji."

Kiongozi alikuwa ameshika raba moja mkononi. Neno lenyewe ni dogo, hata mtoto hulisema kabla hajajua kutembea. Lakini kumwambia hapana ilikuwa sawa na kumwambia yote ya daktari. Akashindwa. Machozi yakimtoka, akasema tena, "Mwakani, mama, Mungu akipenda." Bibi akageuza miguu yake, akailaza kitandani mwenyewe, akaangalia ukuta.

Walisafiri. Simu ilimkuta kwenye basi wakiteremka kuelekea Yordani, asubuhi, kama alivyokuwa amepanga, kabla jua halijawa kali. Ni jirani aliyepiga. Bibi alikutwa jikoni, birika likiwa bado motoni na maji yameisha. Kiongozi alizima simu, akasimama, akahesabu watu wake, akawakumbusha wavae ndala kwa sababu mawe yanateleza. Hakumwambia mtu. Kwenye begi alikuwa na kitambaa cha kichwa cha mama yake, alichokichukua bila kuomba. Wenzake wakiimba, alikichovya majini, akakikamua, akakichovya tena. Yule mama wa kwaya akamwona. "Bibi atafurahi kweli!" akasema.

Alimrudisha kila mtu nyumbani akiwa mzima. Hakuna ambaye angeweza kumwambia, "Ulimchukua anatembea." Mama yake alizikwa na kile kitambaa, kimekauka na kukakamaa kama karatasi, na kiongozi akarudi ofisini juu ya duka la magodoro.

Mwaka uliofuata aliapa. Neno lile asingelisema tena kwa mtu yeyote. Mama yake aliomba ukweli akanyimwa. Basi wengine watapewa. Watu wakakusanyika uwanjani, mabegi mgongoni. Fundi akaja na kizibao chake kipya, akachechemea hadi kwenye mlingoti, akaketi, akavua kofia tayari.

Kiongozi akamjia, akachuchumaa mbele yake. "Fundi," akasema, "hapana."

Fundi akatabasamu, akingoja lililobaki.

"Mguu wako hauziwezi zile ngazi. Si mwaka huu wala mwaka mwingine wowote. Sitaki kukudanganya."

"Hata mwakani?"

"Hata mwakani."

Kiongozi aliinuka moyo wake ukiwa mwepesi. Aliona kama vile hatimaye amemjibu mama yake. Fundi alikaa pale hadi watu wakamaliza kupanda na kushuka ngazi. Kisha akavua kizibao, akakikunja vizuri, mshono ndani, kama anavyomkunjia mteja, akakiweka kwenye nyasi na kuondoka. Hakupiga mluzi.

Wiki kadhaa baadaye binti wa fundi alipanda ngazi za ofisi. Hakukubali kiti.

"Mama, ulimwambia nini baba? Tangu siku ile hajagusa cherehani. Kula ni kwa kubembelezwa. Kila mwaka akitoka kule uwanjani alikuwa anaanza kutembea kila asubuhi hadi kona na kurudi, anajiandaa. Sasa hata mlangoni hafiki."

"Nilimwambia ukweli, mwanangu. Alikuwa hawezi."

"Nani alikwambia hajui kwamba hawezi?"

Kiongozi alikwenda siku hiyohiyo. Fundi alikuwa amelala kwenye chumba chake cha kazi, uso kwenye ukuta, cherehani imefunikwa shuka. Kiongozi alisimama mlangoni, na mkao ule aliutambua. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akamshika bega.

"Fundi," akasema, "nilikosea. Mwakani. Mwakani, Yerusalemu."

Fundi hakugeuka. "Ulikuwa unalisema vizuri," akasema. "Nilikuwa nikilisikia najua kuna mtu ananitegemea niwepo mwakani. Sasa hata wewe huliamini, mama. Nenda tu."

Alitoka. Alipita mbele ya duka la magodoro, na wale vijana wa pale dukani wakamwona, mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Mama Mwakani huyo." Alilisikia vizuri kabisa. Kwa mara ya kwanza hakukasirika. Alitamani lingekuwa bado ni jina lake.