Anjela Apita Juu ya Mafinga

Tekla Kalinga, muuguzi mstaafu wa Mafinga, aliwatangazia wanakwaya wenzake wa Kilutheri kwamba Jumamosi mwanawe Anjela atapita na ndege, peke yake, bila mwalimu, na akifika juu ya kanisa atazunguka kuwasalimu. Atazunguka! Nani kamwambia? Alijiambia mwenyewe, kisha akampigia binti simu kumpa taarifa.

Anjela alikuwa Iringa, uwanja wa Nduli, akijiandaa kwa safari ambayo kila mwanafunzi wa urubani huiota na kuiogopa. Angeruka hadi Songwe kule Mbeya, atue, aende Njombe, atue, kisha arudi Nduli kwa kupita Mafinga. Akiimaliza vizuri, leseni iko karibu. Akiharibu, anaanza upya. Alipomdokezea mwalimu wake, Kapteni Asukile, habari ya kuzunguka, mzee yule alimtazama kwanza.

"Njia uliyoichora ndiyo njia," akasema. "Kuna waliokwenda kuwapungia mama zao, wakaangukia uani kwa mama zao."

Anjela akaikunja ramani yake, lakini roho haikutulia. Kati yake na mama kulikuwa na jambo la zamani. Akiwa darasa la tatu alivunjika mkono, akapelekwa kituo cha afya alikofanya kazi mama yake. Akakaa kwenye benchi akilia, na mama, ndani ya sare yake nyeupe, akampita kama hamjui, akamkimbilia mtoto wa watu aliyekuwa akihema kwa shida. Akampita tena, na tena. Mama gani huyu? Anjela alikua na kinyongo kile, na hawakuwahi kukizungumza. Sasa, kwa mara ya kwanza, mama alikuwa amemwomba kitu.

Jumamosi kulikucha kweupe. Akaruka. Barabara ya malori, aliyoishika mbele ya Mafinga, ilimwongoza hadi mashamba ya mpunga ya Usangu yakatokea upande wa kulia, kisha milima ya Mbeya. Songwe upepo ulimsukuma ubavuni, akashindana nao, akatua sawasawa katikati ya njia ya kurukia ndege. Kijana wa mafuta alichungulia ndani ya ndege akimtafuta rubani. Anjela akamwambia anayemtafuta amesimama mbele yake, na kusema kweli, alilisema neno hilo kwa raha zote. Njombe alitua kwenye baridi yake, akaondoka. Ikabaki njia ya kurudi.

Mafinga ilipotokea nyuma ya misitu ya misonobari, aliinamia dirisha. Lile pale kanisa. Na uwanjani, juu ya majani, yametandazwa mashuka meupe. Aliyajua: mashuka ya wageni, ambayo mama hakuruhusu hata yeye ayalalie! Watu wamesimama kuyazunguka. Mkono ukapinda wenyewe, bawa likainama kidogo. Mara moja tu, nani ataona?

"Nisamehe, mama," akasema, akaunyoosha usukani.

Alilia, ndiyo. Alilia huku anasoma dira, na ndege haikutoka kwenye mstari.

Nduli, Kapteni Asukile aliifuata njia yote kwenye kompyuta, akatia saini, akampa mkono na kumwita rubani. Kwa mwaka mzima alikuwa akimwita wewe. Anjela alitembea kwenye lami ile kifua mbele, na hakuona haya hata kidogo. Kisha simu ikalia. Mama. Akamwamkia shikamoo, akasubiri kufokewa.

Mama alieleza kwamba ndege ilipopita moja kwa moja, wanakwaya walimgeukia. Wengine walicheka, na Devotha wa sauti ya kwanza akasema labda si yeye.

"Nikawaambia ni yeye," mama akasema. "Nikawaambia yuko kazini."

Kisha akalitaja lile la zamani.

"Anje, siku ile ya mkono. Kila nilipokupita, nilikuwa nakuona."

Anjela akakaa chini palepale, karibu na gurudumu la ndege.

"Najua, mama. Na mimi leo nimekuona. Umetandika mashuka ya wageni."

"Yamechafuka yote," mama akasema, na kwa sauti yake ungedhani amepewa mapya.