Kiungo cha Sita

Binti yangu alipokaribia mwaka mmoja, vidole vyake vya mikono na miguu vilivimba, akawa hataki kuguswa. Baada ya hapo maumivu yalimrudia kila msimu wa mvua, na huku kwetu Manga, milimani, mvua huja na baridi. Mama mkwe alisema ni mambo ya upande wetu, kwa kuwa ndugu yangu alifariki akiwa mdogo. Hakusema kwa ukali. Mwaka wa kwanza ulipita hivyo, na wa pili.

Kisha daktari mmoja mjini Kisii akampima damu, akaniambia ni selimundu. Foleni ilikuwa ndefu. Aliniambia tu kwamba ni ugonjwa wa kurithi, mtoto ameze dawa yake kila siku, anywe maji mengi, asipigwe na baridi. Nilitoka pale nimeazimia kuujua ugonjwa huo kama ninavyolijua shamba langu la majani chai.

Niliachia shule kidato cha pili. Nilimwendea jirani yetu, mwalimu wa biolojia, nikamwambia nitamchumia chai kila Jumapili asubuhi, naye anifundishe damu. Alicheka kidogo, kisha akaona sina mzaha.

Jumapili nne tulikaa barazani kwake na daftari. Alinieleza kwamba ndani ya chembe nyekundu mna protini iitwayo himoglobini, ndiyo inayobeba oksijeni. Protini ni mnyororo wa viungo vidogo, na mnyororo huo hujikunja mpaka ukapata umbo. Umbo ndilo linaloipa kazi. Himoglobini yenye afya huelea kila moja peke yake. Ya binti yangu, kiungo cha sita katika mnyororo kimebadilika. Ikishaachia oksijeni, pale palipobadilika hunata. Protini hushikana zikawa kama fito ndefu, chembe ikapinda mfano wa mundu, mishipa midogo ikaziba. Hapo ndipo mtoto analia.

"Kiungo kimoja tu?" nilimuuliza.

"Kimoja. Na mtoto huugua hivi akiwa amekipata kwa baba na kwa mama pia."

Nilimwomba arudie, nikaandika. Mume wangu alisitasita wiki nzima kabla ya kukubali tupimwe pamoja. Majibu yalionyesha kwamba sote wawili tunacho kiungo kilichobadilika, ingawa hatuugui.

Nilimweleza mama mkwe tukiambua maharagwe. Kwa Ekegusii, lugha yetu, sikupata neno la protini, basi nikamchorea mnyororo kwenye udongo kwa kidole. Aliinama akaufuata kwa kidole chake. Nilijiandaa kwa ubishi.

"Mtoto wangu wa kwanza alivimba vidole hivyo hivyo," alisema. "Nilimzika nikidhani ni jicho baya la mtu."

Sikuwahi kusikia kwamba alikuwa na mtoto kabla ya mume wangu. Tuliacha maharagwe, nikamshika mkono, tukalia pamoja.

Leo binti yangu yuko darasa la tano. Bado huzidiwa mara moja moja, lakini siku za kliniki bibi yake ndiye anayempeleka, na sweta mbili na chupa ya maji. Wauguzi wameniambia kwamba kwenye benchi huwageukia akina mama wageni na kuwauliza, kabla hata hawajamsalimu, kama baba wa mtoto amepimwa.