Skonzi za Jumapili kwa Mkurugenzi

Isidore Kabwe alikuwa mtu wa kujivuna, tusifichane. Alijivuna kanisani, alijivuna bombani, hata msibani aliwahi kujivuna, na sababu ilikuwa ile ile siku zote: katika Likasi nzima hapakuwa na mtu mweusi mwingine aliyejua kuoka skonzi. Vimikate vile vidogo vya duara, vinavyopasuliwa vingali vya moto na kupakwa jamu, alifundishwa na bibi mmoja wa Kiingereza, mke wa injinia wa Kibelgiji. Injinia alikuwa wa kampani ya shaba na alikaa katika villa yenye waridi mbele na furu, yaani oveni, ya umeme jikoni. Kwa miaka kumi na minane Isidore aliwaokea skonzi, brioshi na keki za ndizi, na kila asubuhi alipeleka sinia mezani akiwa amevaa koti jeupe lililonyooshwa na mkewe.

Mkewe, Alphonsine, naye alikuwa mtu wa mikate, ila mikate yake ilikuwa ile ya kukaanga, madonge ya ngano yanayovimba kwenye mafuta. Aliuza kando ya njia ya kiwanda cha Shituru. Wafanyakazi wa zamu ya asubuhi walimjua wote kwa jina la Mama Mikate. Isidore hakuwahi kumega hata mmoja mbele ya watu.

"Ile njo chakula ya njia," alikuwa akisema.

"Na tumbo ya batoto ba weye inakula chakula ya nani?" Alphonsine alimjibu, akaendelea na shughuli zake. Alikuwa amemzoea.

Walikaa uani kwa yule mzungu, kwenye nyumba ya boyi: vyumba viwili, sakafu ya saruji, bomba la maji mlangoni. Watoto sita, wa kwanza Julie, walizaliwa humo. Nyumba hiyo haikuwa yao. Ilifuatana na kazi ya jikoni, na siku kazi ikiisha, nyumba nayo imekwisha. Isidore alilijua jambo hilo vizuri, lakini alilijua kama mtu anavyojua kwamba atakufa.

Mwaka sabini na sita mkataba wa injinia ulimalizika, wakafunga masanduku wakaenda zao Ulaya. Villa akapewa mkurugenzi mpya, mtoto wa nchi, mtu wa abakosi, ile suti isiyovaliwa na tai, iliyopigwa pasi mpaka inang'aa. Ndiyo ilikuwa miaka ile ya authenticité, ya kutupa mambo ya wakoloni na kurudia ya mababu kwa amri. Majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku, kwa hiyo Isidore mbele za watu alikuwa Citoyen Kabwe, yaani raia Kabwe, na Isidore akabaki kuwa jina la kitandani na la kuungamia. Mkurugenzi alimwacha aendelee na kazi, ila bila kumwambia kwa muda gani. Miezi miwili Isidore alipika wali na samaki, hakuna aliyemwuliza juu ya skonzi, na jambo hilo lilimuuma.

Ndipo Ijumaa moja mke wa mkurugenzi akamwita. Watu wote walimwita Mama Directeur, hata mumewe.

"Citoyen Kabwe, dimanche bakubwa ba Lubumbashi bako nakuya hapa ku déjeuner. Papa anangojea bamupandishe grade. Kama déjeuner inapita muzuri, utabakia. Kama haipite muzuri, nièce yangu iko na bwana yake, hawana nyumba. Bataingia kule nyuma, na kupika anajua."

Isidore aliitikia, "Ndiyo, Mama," akarudi uani. Alimweleza Alphonsine kila kitu, habari za wakubwa wa kampani na chakula chao cha asubuhi ya Jumapili. Alphonsine hakuhitaji kufikiri.

"Baba Julie, bapikie mikate. Minye nitakukarangia beseni muzima, na soso ya pilipili, na munkoyo ya baridi ya kunywa. Bale ni batu ba kwetu, bote balikulia na mikate."

"Njo maana banayikimbia," Isidore alisema. "Mukubwa anatoka Lubumbashi na voiture, minye nimupatie chakula ya njia? Batasema Kabwe hajui kazi."

"Weye iko na kichwa nguvu."

"Minye iko na métier."

Kwa neno hilo, ufundi, Alphonsine alichukua beseni lake akaenda zake, na laiti angepiga kelele. Siku zile siagi ilikuwa imepotea madukani. Isidore alizunguka mji Jumamosi nzima, mwishowe akapata kopo moja kwa Nasoro, muuza duka wa karibu na msikiti, aliyelificha chini ya magunia kwa ajili ya mke wake mwenyewe na akalitoa kwa huruma. Maziwa aliyachachusha kwa ndimu. Unga wa kuumulia ulikuwa umebaki kidogo ndani ya mkebe wa yule bibi wa Kiingereza, akaukwangua wote.

Jumapili asubuhi skonzi zilitoka kwenye furu kama hazijawahi kutoka. Zilikuwa zimeinuka juu, zimepasuka ubavuni zenyewe, rangi ya asali. Isidore alisimama akazitazama, machozi yakamlengalenga, na sioni haya kumsemea hivyo, maana mtu akifanya kitu vizuri kabisa ana haki ya kulia. Alizifunika kwa kitambaa, akavaa koti lake jeupe, akazipeleka.

Mezani walikuwa wanaume watatu na wake zao, na mkurugenzi na Mama Directeur. Mkubwa wao, mwenye tumbo na miwani, alichukua skonzi moja akaigeuza huku na huku.

"Hii ni nini, Citoyen Directeur?"

Mkurugenzi hakujua. Akamtazama Isidore.

Basi yule maskini angeweza kusema ni mkate. Neno moja tu, mkate, na mambo yangepita. Lakini alikuwa amelingojea swali hilo miezi miwili. Alisogea mbele, akaweka mikono nyuma.

"Ni skonzi, Citoyen. Ni chakula ya Bangereza, ya asubui. Madame wa hapa njo alinifundisha, miaka kumi na munane. Mu Likasi yote, ni minye peke yangu."

Yule mkubwa akaweka skonzi kwenye sahani, akacheka kidogo, kicheko kile ambacho wenye akili hawakukipenda.

"Ah bon? Kila siku ku radio ni authenticité, authenticité. Na ku meza ya directeur wetu tunakulishwa bintu bya bakoloni?"

Jasho lilimtoka mkurugenzi pale pale. Pengine mgeni alikuwa anatania tu, hakuna atakayejua. Lakini mtu anayengoja kupandishwa cheo hawezi kungoja ajue kama ni utani.

"Si minye, Citoyen," alisema haraka. "Ni huyu mupishi. Alibakia na akili ya bazungu. Leo njo siku yake ya mwisho."

Mama Directeur alimfuata Isidore jikoni akamwuliza kwa kunong'ona kama hana hata mikate kidogo ya kuokoa aibu. Hakuwa nayo. Alphonsine alikuwa misani. Na kule mezani, baada ya kusema yote aliyosema, yule mkubwa alikula skonzi nne.

Jumanne mpwa wa Mama Directeur alifika na mumewe na godoro. Familia ya Kabwe ikahamia kwa Germain, kaka yake Alphonsine, wote wanane katika chumba kimoja cha mabati. Isidore aligonga milango ya villa zote alizozijua. Wazungu waliobaki walikuwa na wapishi wao, na wakubwa wapya walikuwa na wapwa. Alirudi kila siku na koti lake limekunjwa kwapani, mpaka siku moja akarudi bila koti.

Ndipo akakubali kumsaidia mkewe. Lakini donge la mikate linataka kupigwa. Linapigwa kwa kiganja, kwa nguvu, mpaka liingie hewa na mkono uchoke, na mkono wa Isidore ulifundishwa miaka kumi na minane kuugusa unga kwa upole, kuuacha mapema, kutoukanda. Alijaribu, akajilazimisha, akauma meno. Mikate yake ilitoka mizito, imekaa chini ya mafuta, na wafanyakazi wa Shituru waliirudisha.

Alphonsine hakumcheka. Ingekuwa afadhali angemcheka. Alimtoa bakuli mikononi taratibu.

"Acha, Baba Julie. Weye, chunga tu moto."

Akachunga moto. Aliketi kwenye kigoda nyuma ya mkewe, akapepea makaa ya mbabula, lile jiko la bati, kwa kipande cha katoni, na wanunuzi walimsalimu Alphonsine wakalipa wakaenda. Alichunga moto miaka kumi na mmoja, hadi alipofariki, na vijana wa zamu ya asubuhi waliokuja kumzika walimjua kwa jina moja tu, bwana ya Mama Mikate.